Kaseti za Tanga kwenda kwenye diski: shajara ya wiki ya kwanza

Kazi yenyewe ni hii: boksi mbili za kaseti za bibi mzaa mama, zilizokuja naye kwa basi kutoka Ngamiani, Tanga, zihamishiwe kwenye kompyuta kabla utepe haujakatika au kuliwa na ukungu. Ndani kuna taarabu za dukani, kuna nyimbo na vipindi vilivyonaswa redioni, na kuna vilivyorekodiwa nyumbani: harusi, maulidi, na barua za kaseti zilizokuwa zikienda na kurudi kati ya Tanga na Maskati, Oman, miaka ya 1980, baada ya kaka yake bibi kuhamia huko. Wasafiri ndio waliokuwa wakizibeba. Mtu anaongea upande mzima, anamkabidhi anayeondoka, na majibu yanarudi baada ya miezi.

Naandika ili mwenye boksi kama hili uvunguni aweze kufuata njia hii au kuichukua palipomfaa. Bei zote ni shilingi za Tanzania, hapa Dar es Salaam. Mimi ni mtunza stoo kwenye duka la jumla la vifaa vya ujenzi Kariakoo, kwa hiyo kazi inafanyika usiku na siku za mapumziko.

Jumatatu, 7 Julai 2025: kuchambua, na kifaa kilichoshindwa

Sabasaba, hakuna kazi. Majirani wamekwenda kwenye maonyesho Barabara ya Kilwa, sisi tumetandika mkeka sebuleni na kumwaga kaseti zote.

Kabla ya kucheza hata kaseti moja, tumevunja vijino. Kila kaseti ina vijino viwili vya plastiki mgongoni, kimoja kwa kila upande. Kijino kikiwepo, deki, yaani mashine ya kuchezea kaseti, inakubali kurekodi. Kikivunjwa, kitufe cha kurekodi hakibonyezeki. Katika nyumba yenye watoto wanaobonyeza kila kinachobonyezeka, hii ndiyo kinga rahisi kuliko zote. Ncha ya bisibisi inatosha. Vipande vikidondokea ndani ya kaseti, igeuze na uitikise mpaka vitoke.

Halafu tukapanga nini kianze. Hapa mjomba, aliyekuwa kwenye simu kutoka Tanga, hakukubaliana na mimi. Yeye alitaka taarabu itangulie, maana ndiyo anayoikumbuka. Mimi nilishikilia kwamba vya nyumbani vitangulie, na bado nashikilia. Kaseti ya dukani ya Juma Bhalo au ya Black Star wa Tanga ina ndugu zake kwa watu wengine. Ikhwani Safaa wapo tangu 1905, Culture Musical Club tangu 1958, na kazi zao zimetoka kwa njia nyingi. Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka 1928 na hadi leo sauti yake inasikika. Lakini harusi ya mama mkubwa hapo Ngamiani ina nakala moja tu duniani, na ipo kwenye mkeka huu. Bibi alitusikiliza wote wawili kisha akasema, "Anzeni na sauti za watu." Tumeanza na sauti za watu.

Zile zenye unga mweupe kwenye kingo za utepe, ambao unauona ukichungulia kwenye kidirisha, tumezitenga. Huo ni ukungu wa unyevu wa pwani. Ukiicheza kaseti ya namna hiyo, unaupaka kwenye hedi (kile kipande kinachosoma sauti kwenye utepe) na rola, na kila kaseti inayofuata inauchukua. Tumezifungia kwenye ndoo yenye mfuniko pamoja na vile vipakiti vya kufyonza unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Zamu yao itafika.

Jioni nikajaribu kifaa kidogo cha kuchezea kaseti chenye waya wa USB, nilichokinunua kwa 40,000. Ndicho watu wengi wananunua kwanza kwa sababu kinaonekana kimemaliza kila kitu: kaseti unaingiza huku, faili linatoka kule. Hakifai. Nilianza na taarabu ya dukani nisiyoihofia, na fidla ilipovuta noti ndefu, noti ikawa inapanda na kushuka. Ngoma na maneno vinaweza kukuficha udhaifu huo; fidla, ganuni na akordioni haviwezi. Utepe wa kaseti unatakiwa kupita mbele ya hedi kwa sentimita 4.76 kila sekunde, bila kuyumba, na mota ile nyepesi haina uzito wa kuushikilia mwendo huo. Zaidi ya hapo, kinajipandishia sauti chenyewe pakiwa kimya na kuishusha pakiwa na kishindo, kwa hiyo shangwe ya harusi inameza maneno yanayoifuata. Hakuna programu itakayorudisha kilichopotea hapo.

Usiku Twiga Stars wamefungwa 1-0 na Mali huko Morocco, kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika la wanawake. Imetuuma, walistahili hata sare.

Jumanne, 8 Julai: deki

Baada ya kufunga stoo nimepita kwa fundi wa redio niliyeelekezwa na mwenzangu wa kazini. Mzee wa makamo, amekaa katikati ya maspika, anatengeneza vitu ambavyo watu walishavitupa. Nilimwamkia, nikamweleza ninachotaka, akaniuliza swali moja tu: "Unataka ya kusikilizia au ya kurekodia?" Nikamwambia ya kutolea sauti iende kwenye kompyuta. Akanipa deki ya kupanga kwenye kabati, yenye hedi mbili na matundu ya kutolea sauti nyuma. 90,000.

Ilikuwa inawaka lakini haizungushi. Tulipoifungua, belti zilikuwa zimeyeyuka zikawa kama lami, zimegandia kwenye gurudumu zito na kwenye kapi ya mota. Mpira wa belti hufika huko kwa umri tu, hata deki isipoguswa, kwa hiyo ukinunua deki ya zamani weka kabisa bei ya belti kwenye hesabu. Belti mbili zimekuwa 8,000 na kazi ya fundi 15,000. Sehemu kubwa ya muda ilikwenda kwenye kusafisha. Fundi alikataa katakata kuvisha belti mpya juu ya mabaki, kwa sababu chembe moja ya lami iliyobaki kwenye gurudumu inarudisha kuyumba kule kule nilikokukimbia. Alifuta, akapitisha kidole, akafuta tena.

Nyumbani nikasafisha njia yote unayopita utepe: hedi, kile chuma chembamba kinachouvuta, na rola ya mpira inayoukandamiza. Spiriti safi 6,000, pamba za vijiti 1,500. Pamba ya kwanza kwenye rola ilitoka na rangi ya kahawia iliyokolea, ya pili hafifu, nikaendelea mpaka ikatoka nyeupe. Kwenye mpira usitumie spiriti nyingi, na uuache ukauke kabisa kabla ya kuingiza kaseti. Sasa nasafisha kila baada ya kaseti chache, na mara moja ikiwa utepe umeacha unga.

Jumatano, 9 Julai: mvumo na friza

Deki imeunganishwa kwa waya (7,000) kwenye kadi ya sauti ya nje yenye matundu mawili ya kuingizia (45,000), na kadi kwenye kompyuta mpakato. Tundu la maikrofoni lililopo kwenye kompyuta yenyewe liache. Mara nyingi ni mono, na limetengenezwa kupokea sauti dhaifu ya maikrofoni, kwa hiyo sauti ya deki inapasuka humo. Programu ni Audacity, haina malipo.

Nimeweka sampuli 48,000 kwa sekunde na biti 24. Saa moja ya stirio inakula karibu gigabaiti 1, jambo ambalo kwa diski za leo si mzigo. Kiwango cha sauti nakipanga ili sehemu yenye kishindo kikubwa kuliko zote ifike karibu na desibeli -6 na isivuke. Biti 24 zinakuruhusu kuwa na subira: ukirekodi chini kidogo unaweza kupandisha baadaye, ukirekodi juu mno kilele kimekatika na hakirudi.

Tatizo la kwanza lilikuwa mvumo mzito uliokuwapo hata deki ikiwa imesimama. Hicho ndicho kipimo: simamisha utepe, mvumo ukibaki, unatoka kwenye vifaa vyako, si kwenye kaseti. Nikachomoa kitu kimoja kimoja. Nilipochomoa chaja ya kompyuta, mvumo ukatoweka hapo hapo. Tangu hapo narekodi kompyuta ikiwa kwenye betri, na betri ikiisha kazi inasubiri.

La pili lilichukua muda kulielewa. Kila baada ya dakika kadhaa kulikuwa na mlio mmoja mkali, "tak", kwenye rekodi. Niliusaka kwenye utepe nikidhani ni kiungo au mkunjo, lakini nikirudia sehemu ile ile mlio unahamia kwingine. Mwishowe mama, aliyekuwa amekaa pembeni, akasema, "Si friza hilo?" Ni friza lake la kugandishia barafu za kuuza. Kila linapowaka na kuzima, mstuko wa umeme unapita kwenye nyaya za nyumba na kuingia kwenye rekodi. Kuhamishia deki kwenye soketi ya chumba kingine kumepunguza lakini hakukumaliza. Na friza la biashara halizimwi mchana, watoto wa shule wanagonga mlango tangu saa sita. Tumekubaliana: barafu zikishaganda, usiku saa nne mama analizima na mimi narekodi mpaka saa saba, kisha naliwasha. Barafu hazijawahi kuyeyuka kwa saa hizo, mradi mfuniko usifunguliwe.

Alhamisi, 10 Julai: viungo na vifuniko

Usiku wa kazi za kawaida. Harusi mbili na maulidi moja zimeingia bila matatizo: peleka mbele mpaka mwisho, rudisha nyuma mpaka mwanzo ili utepe ulegee, safisha hedi, rekodi, geuza.

Kaseti moja ilikuwa na sauti hafifu inayokuja na kuondoka. Kile kisponji kidogo kinachousukuma utepe ugusane na hedi kilikuwa kimebanduka na kudondoka ndani. Ganda lake lilikuwa na skrubu tano, nikalifungua juu ya taulo jeupe ili kitu kikiruka kionekane, nikahamisha magurudumu yote mawili na utepe wake kwenye ganda la kaseti mpya yenye kisponji kizima. Kaseti tupu tatu zenye skrubu nimezipata kwa 6,000, kazi yake ni kutoa maganda. Angalia jinsi utepe unavyopita kwenye vile viduara vya pembeni na kwenye karatasi laini mbili kabla hujafunika. Piga picha kwa simu kabla ya kugusa.

Nyingine ilikuwa imekatika pale mwanzo kabisa, kwenye kile kipande kisichorekodi. Wengi hukimbilia selotepu. Gundi yake inavuja kadiri joto linavyopanda, inashikamanisha mizunguko ya utepe na kuchafua hedi. Kwa kuwa ilikatika mwanzoni, gundi haikuhitajika: katikati ya gurudumu kuna kibanio kidogo kinachoshika ncha ya utepe. Nimekitoa kwa ncha ya sindano, nikaondoa mabaki, nikabana utepe wenyewe. Tumepoteza sekunde chache ambazo ni ukimya tu.

Kaseti zilizogandishwa ganda zima bila skrubu bado sijazigusa. Zinahitaji kupasuliwa kwenye mshono, na nataka kufanya hivyo mchana wenye mwanga.

Ijumaa, 11 Julai: barua ya Maskati

Hii ndiyo kaseti iliyonifanya nianze kazi yote. Ya dakika 60, karatasi yake imeandikwa kwa kalamu ya bluu "Maskati 1986", bila neno jingine.

Upande wa kwanza ulianza na sauti ya bibi akiwa kijana, akimjibu kaka yake. Salamu ndefu, mtu mmoja mmoja kwa jina, nani kajifungua, nani kaposwa, mvua imekuwaje. Nyuma yake kuna kuku, na mtu anatwanga. Lakini maneno yalikuwa yamezibwa, s na sh hazisikiki vizuri, kana kwamba anaongea akiwa amefunika mdomo kwa kanga. Kaseti za harusi zilizorekodiwa jana kwa deki hii hii zilikuwa safi, kwa hiyo hedi haikuwa chafu.

Sababu ni pembe ya hedi. Ufa wa hedi unapaswa kusimama wima kabisa dhidi ya utepe, na kila mashine iliyorekodi ilikuwa na wima wake, uliopinda kidogo huku au kule. Ukicheza kwa pembe tofauti na ile iliyorekodiwa, sauti nyembamba zinakufa kwanza. Watu wengi huamini kaseti imechakaa, wakapandisha sauti nyembamba kwenye kompyuta, wakaishia kupandisha mchakacho wa utepe. Dawa ipo kwenye skrubu. Pembeni ya hedi kuna skrubu mbili. Ile yenye springi chini yake, kwenye deki yangu ni ya kushoto, ndiyo inayobadilisha pembe. Weka nukta ya rangi ya kucha kuonyesha ilipokuwa. Vaa spika za masikioni, unganisha pande mbili ziwe mono, kwa sababu pembe ikikosea pande hizo zinachelewana na mono inalionyesha kosa hilo kwa nguvu. Kisha geuza skrubu kidogo sana, chini ya robo mzunguko, kwa bisibisi isiyo na sumaku (5,000), huku ukisikiliza s na sh tu. Muziki usiusikilize.

Sauti ya bibi ikafunguka. Kuku wakasogea, na kile kilichokuwa mshindo tu kikawa mchi kwenye kinu.

Baada ya dakika kumi na kitu jibu likaisha, kitufe kikabonyezwa, na badala ya ukimya ikaingia sauti ya mwanamume katikati ya sentensi. Nilisimamisha utepe. Bibi alikuwa amerekodi jibu lake juu ya barua iliyokuja, kaseti ile ile irudi Maskati, kama walivyokuwa wakifanya wengi kwa kuwa kaseti zilikuwa ghali. Lakini jibu lake lilikuwa fupi kuliko barua, na kaseti haikusafiri tena. Mkia wa barua ya kaka yake umebaki pale baada ya jibu, miaka yote hii, na hakuna nyumbani aliyejua.

Na huo mkia ulikuwa umezibwa upya. Mashine ya Maskati na redio kaseti ya Ngamiani zilikuwa na pembe mbili tofauti. Kwa hiyo utepe mmoja, upande mmoja, unahitaji kurekodiwa mara mbili: mara ya kwanza skrubu ikiwa imelengwa kwa bibi, mara ya pili ikiwa imelengwa kwa babu, yaani huyo kaka yake, kisha kila faili likatwe pale kwenye mshono. Kama ningepanga pembe mwanzoni na kuondoka kwenda kulala, ningepata dakika kumi safi na zilizobaki zote zikiwa zimezibwa. Kaa na kaseti. Sikiliza mpaka mwisho, hata pale unapodhani imeisha.

Twiga Stars wametoka sare 1-1 na Afrika Kusini, mabingwa watetezi. Mtaa mzima ulipiga kelele, na hakuna hata chembe yake iliyoingia kwenye rekodi, kwa kuwa sauti inapita kwenye waya.

Jumamosi, 12 Julai: kasi

Nusu siku kazini, tumepokea mzigo wa mabati. Kwenye mwendokasi kurudi Kimara nilikuwa nasikiliza faili za jana kwa simu na kuandika nani anaongea dakika ya ngapi. Hapo ndipo nilipoona sauti ya babu ni nzito na inajivuta, na sauti ya bibi ni nyembamba kuliko anavyoonekana kwenye picha za wakati huo. Mashine zile zilizungusha utepe kwa kasi zisizolingana.

Unajuaje kasi ya kweli ya redio kaseti iliyokufa zamani? Kwa mvumo ule ule tulioufukuza Jumatano. Redio kaseti iliyochomekwa ukutani hurekodi ndani ya utepe mvumo hafifu wa umeme, na umeme wa Tanzania, sawa na wa Oman, ni mizunguko 50 kwa sekunde. Mvumo huo umefungwa pamoja na sauti. Utepe ukichezwa haraka, unapanda. Ukichezwa polepole, unashuka. Ndiyo maana ilikuwa muhimu kuondoa kwanza mvumo wa vifaa vyangu, ambao ungebaki 50 daima na kunidanganya.

Katika Audacity nilichagua sehemu ambazo hakuna anayeongea, nikafungua mchoro wa masafa kwa ukubwa 65536, nikatafuta kilele. Kilele cha 50 kimezama kwenye kelele za chini, kwa hiyo nilitumia ndugu yake wa tatu, ambaye anapaswa kuwa 150 na kosa linaonekana mara tatu zaidi. Kwenye sehemu ya bibi kilele kilikuwa 154.2. Gawa 150 kwa 154.2, unapata 0.973: sauti ipunguzwe kasi kwa asilimia 2.7. Kwenye sehemu ya babu kilele kilikuwa 147: iongezwe asilimia 2. Umeme wenyewe hucheza kidogo, kwa hiyo usitafute usahihi wa kupindukia, lakini tofauti kati ya watu wawili hawa ilikuwa karibu asilimia 5, na hiyo sikio linaisikia. Tumia amri ya kubadilisha kasi na sauti kwa pamoja. Ile ya kubadilisha kasi huku ikiacha sauti ilipo haifai hapa. Kama rekodi ilifanywa kwa betri, mvumo huu haupo, na utabaki na sikio la anayemjua msemaji.

Baada ya magharibi nikamwita bibi. Nilimpa spika za masikioni, akazikataa, akataka spika ya kawaida ili na mama asikie. Nilimchezea kwanza faili lisilorekebishwa, kisha lililorekebishwa. Kwa la kwanza alisema, "Ni yeye, lakini anaumwa." Kwa la pili hakusema kitu mpaka lilipofika mwisho. Halafu akaanza kutaja: huyo anayekohoa nyuma ni jirani yao wa kule, huyo mtoto ni fulani, sasa ana wajukuu. Nilikuwa nimeweka simu mezani irekodi maelezo yake, na hilo nawashauri wote: anayejua sauti hizi akiwepo, maelezo yake yarekodiwe siku hiyo hiyo na kuwekwa folda moja na kaseti. Kaka yake ametangulia mbele ya haki. Watoto wake wako Maskati, na hawana sauti yake yoyote ya ujana.

Jumapili, 13 Julai: kuhifadhi, gharama, na nani asikie

Kila kaseti sasa ina namba iliyoandikwa kwenye ganda kwa kalamu ya wino usiofutika, na faili zake zinaanza na namba hiyo, kisha upande, kisha maelezo mafupi. Kuna faili ghafi la WAV, ambalo haliguswi, na faili lililorekebishwa la FLAC, ambalo halipotezi chochote na ukubwa wake kwangu umeshuka karibu nusu. Nilijaribu kuondoa mchakacho wa utepe kwa programu. Ukiutoa wote, sauti ya mtu inakuwa ya bati, kama iko chini ya maji, na zile kuku na mchi zinakatika vipande. Nimeondoa kidogo kwenye harusi mbili tu. Barua nimeiacha na mchakacho wake.

Kuna pia mwangwi wa ajabu kwenye barua: sekunde kadhaa kabla babu hajaanza sentensi baada ya kimya, sentensi hiyo hiyo inasikika kwa mbali. Mizunguko ya utepe iliyolaliana kwa miaka imeambukizana. Haitibiki kirahisi, na sijaigusa.

Nakala moja ipo kwenye diski ya nje ya terabaiti 1 (160,000), nyingine kwenye kompyuta. Ya tatu itakwenda Tanga kwa mjomba. Kwa kundi la ukoo la WhatsApp, tuma faili kama hati. Ukilituma kama sauti ya kawaida linaweza kubanwa upya, na kazi yote ya skrubu ikapotea njiani. Taarabu za dukani hatuzisambazi. Zina wenyewe, tunazihifadhi kwa ajili ya nyumbani tu.

Hesabu mpaka leo: kifaa kilichoshindwa 40,000, deki na ukarabati wake 113,000, spiriti na pamba 7,500, kadi ya sauti na waya 52,000, bisibisi 5,000, maganda 6,000, diski 160,000, barakoa na glavu kwa ajili ya zile za ukungu 4,500. Jumla 388,000. Anayeanza leo anaweza kuruka kifaa cha kwanza, na kama ana diski tayari, kazi inaanza kwa chini ya laki mbili.

Jambo la mwisho la wiki halikuwa la ufundi. Katika ule mkia wa barua, baada ya salamu, babu anaongea na dada yake kuhusu shamba la minazi na mgawanyo wake, na anamtaja ndugu mmoja kwa uchungu. Mjomba aliposikia kuna sauti ya marehemu alitaka faili lote liende kwenye kundi usiku huo. Mimi niliona barua ina mwenyewe, na mwenyewe yuko hai chumba cha pili. Bibi akaisikiliza tena peke yake, mlango umefungwa. Alipotoka akasema salamu ziende kwa wote, habari za shamba zibaki kwake, na watoto wa Maskati wapewe zote, kwa kuwa ni ya baba yao na wao wataamua. Nimekata faili la kundi pale anaposema "wasalimie wote hapo nyumbani," nimelituma, na la Maskati nimeliweka kwenye flashi atakayoichukua binamu anayesafiri mwisho wa mwezi.

Wiki ijayo: ndoo ya ukungu. Nitaanza na ile iliyoandikwa "maulidi" upande mmoja na haina maandishi upande wa pili, nikiizungusha kwa mkono na kitambaa kikavu, uani, mbali na deki.